Donda ndugu lina sababu zake

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee miguu.

Fungua gazeti lolote la Kiswahili, hutamaliza kurasa tano kabla hujakutana na donda ndugu. Rushwa ni donda ndugu. Foleni ya Dar ni donda ndugu. Migogoro ya wakulima na wafugaji, donda ndugu. Mimi naishi kwa kazi hii ya magazeti na najua kwa nini neno linapendwa: ukiliweka kwenye kichwa cha habari, msomaji anaelewa palepale kwamba jambo limeshindikana.

Hapo ndipo ninapotaka kubisha. Kabla halijawa neno la kichwa cha habari, donda ndugu lilikuwa ugonjwa halisi wa miguu halisi. Kidonda kinaanza na mkwaruzo mdogo chini ya goti, kinapanuka, kinanuka, kinakula nyama hadi wakati mwingine mfupa unaonekana, kisha kinakaa. Mwezi, mwaka, miaka kumi. Masikio yangu yanalisikia jina hivi: ni kidonda kilichogeuka ndugu, kimehamia nyumbani, kinakula nawe, kinalala nawe, na hakuna wa kukifukuza.

Lakini nikisoma historia ya ukanda wetu huu naona hadithi nyingine. Donda ndugu halikuwahi kuwa fumbo. Kila zama lilikuwa na sababu zake, na sababu zilipoondolewa, donda lilifunga. Sababu zilipoachwa pale pale, dawa zote ziliishia kulipaka rangi tu. Twende taratibu.

KIDONDA KINAPONAJE?

Chukulia kidonda kama nyumba iliyobomoka ukuta. Mwili una kazi nne. Kwanza damu inaganda, tundu linazibwa kwa muda. Pili wanakuja walinzi, yaani chembe nyeupe za damu, wanakula vijidudu na kuondoa kifusi. Ndiyo maana siku za mwanzo kidonda kinavimba, kinakuwa chekundu na chenye joto. Tatu wanaingia mafundi: nyama changa nyekundu inajaa kutoka chini, mishipa midogo ya damu inachipua, ngozi inatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Nne ni kukaza kovu, kazi inayoweza kuendelea mwaka mzima na zaidi, na hata ikiisha kovu halirudii nguvu yote ya ngozi ya zamani.

Kidonda sugu kwa kawaida ni kile kilichokwama kwenye kazi ya pili. Walinzi wamejaa saiti, mafundi hawapati nafasi. Usaha unatoka, nyama iliyokufa haiondoki, na silaha ambazo walinzi wanamwaga kuua vijidudu zinaanza kuharibu hata matofali mapya.

Kwa nini kinakwama? Huenda barabara ya kuleta vifaa imeziba, yaani damu haifiki. Huenda matofali yenyewe hayapo, yaani mwili hauna protini na vitamini za kutosha. Huenda kuna kifusi ndani: mwiba, kipande cha mfupa uliokufa, vijidudu vilivyojijengea utando. Au kuna mtu anabomoa kila siku kile kilichojengwa jana, na mara nyingi mtu huyo ni mgonjwa mwenyewe anayekanyagia kidonda chake.

Suala la matofali lina ushahidi mmoja wa kale unaosisimua. Kati ya 1740 na 1744 msafara wa meli za kivita za Uingereza chini ya George Anson ulizunguka dunia. Mabaharia wakaugua kiseyeye kwa kukosa vitamini C miezi mingi baharini. Mmoja wao alikuwa amejeruhiwa vitani Ireland mwaka 1690, akapona, akaishi na makovu yake nusu karne. Kiseyeye kilipomkamata, makovu yale yakafunguka upya, na mfupa uliokuwa umeunga zamani ukaachana. Ina maana hata kovu la miaka 50 bado linakula chakula chako cha leo. Ukiacha kulilisha, linafunguka.

MIGUU YA MSAFARA

Sasa turudi kwetu. Mwezi Februari 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar na wapagazi zaidi ya 600, wengi wao Waswahili wa visiwani na mrima, kwenda kumtafuta Emin Pasha. Walizungushwa kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, wakapandisha mto, kisha wakaingia pori la Ituri kwa miguu. Miezi ile ya pori ndiyo iliyowamaliza. Kulikuwa na mvua, miiba, vijiti vyenye sumu vilivyochomekwa njiani, na juu ya yote njaa. Mkwaruzo uliokuwa upone kwa wiki moja ukageuka donda la ukubwa wa kiganja.

Daktari wa msafara, Thomas Heazle Parke, alikuwa na dawa za kuua vijidudu za zama zile na alizitumia. Hazikufua dafu. Watu zaidi ya 50 walioshindwa kutembea waliachwa kwenye kambi ya mfanyabiashara aliyeitwa Ugarrowwa, na wengi wao hawakuonana tena na wenzao. Waliopata mapumziko na ndizi za kutosha ndio waliokuwa na bahati. Tazama hapo: dawa moja, daktari mmoja, lakini tumbo lililojaa na tumbo tupu havitoi kidonda kimoja.

Wakati huohuo kulikuwa na mgeni mwingine anatembea kuja kwetu. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wenye funza, yule kiroboto anayejichimbia kwenye vidole vya miguu. Afrika ya bara hili letu haikuwa na mazoea naye. Kwa kupanda miguu ya wapagazi na misafara, ndani ya takriban miaka 25 funza alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Watu hawakujua kumtoa kwa pini safi, wakapoteza vidole, wengine wakapoteza maisha. Haya tunayoyaona mazoea ya vijijini, bibi anamtoa mjukuu funza jioni, ni elimu iliyonunuliwa ghali.

SONGEA INAINGIA

Historia ya Songea mnaijua, au mnapaswa kuijua. Wangoni waliingia vita vya Majimaji mwezi Septemba 1905. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mjini viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, na nduna Songea Mbano naye akanyongwa. Makumbusho yapo pale Mahenge, na mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika akaomba msamaha.

Tunazungumzia sana kamba na risasi, lakini silaha kubwa ya Wajerumani ilikuwa njaa. Walichoma mashamba na maghala makusudi. Idadi rasmi yao wenyewe ilikuwa vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000 kwa vita nzima, na sehemu kubwa ni njaa na maradhi yaliyofuata. Mwili wenye njaa unatafuna misuli yake wenyewe ili uishi. Hauna tofali la kupeleka kwenye mguu uliokwaruzwa.

Miaka minane baadaye ikaja vita ya kwanza ya dunia, na safari hii kila upande ulitaka wabebaji. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na zaidi ya 90,000 wanahesabiwa kuwa walikufa, wengi kwa maradhi kuliko risasi. Wale ndio waliotuachia jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps. Ukiwa pale Dar unanunua viatu vya mtumba, kumbuka jina la soko hilo limetokana na watu ambao wengi wao walitembea peku. Jenerali Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita tena eneo letu la Songea mwishoni mwa 1918 akitokea Msumbiji, na jeshi lake, kama la wenzake, lilikula kwa kuchukua chakula cha wanavijiji. Walioondoka waliondoka na mizigo kichwani, waliobaki walibaki na maghala matupu.

Kisha manamba. Chini ya Waingereza Songea iligeuzwa hazina ya vibarua. Mkonge ulikuwa Tanga na Morogoro, mikono ilitakiwa kutoka kwetu. Vijana wa Kingoni na wenzao walitembea wiki kadhaa kwenda, wakala unga njiani, wakafika wamekonda, wakakabidhiwa panga. Mkonge una mwiba mkali kwenye ncha ya jani, na maji yake yanawasha ngozi. Unakata majani kuanzia alfajiri, miguu wazi. Kila siku mkwaruzo mpya palepale penye mkwaruzo wa jana.

Vidonda vya miguu vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojaza zahanati za kikoloni na za mashamba Afrika Mashariki. Madaktari waliangalia usaha kwa hadubini wakaona vijidudu vya umbo la sindano vikiwa pamoja na vingine vilivyojisokota kama parafujo. Wangeweza kuishia hapo na kusema tatizo ni vijidudu. Lakini vijidudu hivyo vilikuwa kila mahali, kwenye tope na maji, huku donda likichagua watu: vijana wa kiume, vibarua, watoto wa familia masikini, tena chini ya goti. Meneja wa shamba alitembea katika tope lilelile na buti na soksi ndefu, amekula mayai asubuhi. Hakupata donda ndugu.

Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne. Idara ilifungua kambi kwenye njia za vibarua, mahali pa kulala, kula na kutibiwa. Mdororo wa uchumi ulipobana, mwaka 1931 idara ikavunjwa. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wakaanza kusafirishwa badala ya kutembea. Sitawapamba: walifanya hivyo kwa sababu kibarua mwenye donda hakati mkonge. Ila somo linabaki. Mguu uliopumzishwa njiani na kulishwa ulifika mzima kuliko mguu uliotembezwa na njaa, na mtu hakuhitaji shahada ya udaktari kuliona hilo.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kuanza kutumika sana miaka ya 1940, ilisaidia kweli. Donda changa lilizimwa mapema. Lakini sifa zote tusiipe sindano. Donda ndugu la zamani lilipungua pale viatu, sabuni, maji na chakula vilipoongezeka. Makatambuga ya tairi ambayo watu wanayacheka yameokoa miguu mingi.

BUBA NA IMANI YA SINDANO

Kuna tawi moja la hadithi hii linaloeleza tabia yetu ya leo. Buba ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya ngozi kwa watoto hasa, unaambukizwa kwa kugusana. Kuanzia miaka ya 1920 serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilianza kuchoma sindano za dawa zenye bismathi na aseniki. Vidonda vilikauka kwa siku chache, watu wakaona kwa macho yao, wakamiminika. Baada ya vita ya pili, kati ya 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya penisilini katika nchi 46, watu wapatao milioni 50 wakatibiwa. Sindano moja, kwisha.

Ushindi mkubwa, lakini ulituachia imani kwamba kila kidonda kina sindano yake mahali fulani, kazi ni kuitafuta. Buba ilikuwa na sababu moja, kijidudu kimoja, ndiyo maana sindano moja ilitosha. Vivyo hivyo kidonda cha Buruli, kilichobeba jina la eneo la Uganda. Albert Cook alikuwa ameona vidonda vya aina hiyo Mengo mwaka 1897, na leo tunajua vinatokana na ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu, na vinatibika kwa vidonge maalumu vya wiki nane. Lakini kidonda cha mtu mwenye njaa, au mwenye ganzi, au mwenye mshipa ulioziba, hakina sindano ya namna hiyo.

SOMO LA UKOMA

Kwa sisi wa kusini, watu wa vidonda tuliowafahamu zaidi walikuwa wagonjwa wa ukoma. Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, ikachomwa katika Majimaji mwaka 1905, wakaijenga upya. Wao na wenzao wa Ndanda waliwatunza wenye ukoma kwa miongo mingi, wakati tiba ilikuwa mafuta ya chaulmoogra ya kuchomwa sindano, chungu na dhaifu. Kazi ya kila siku ilikuwa kuosha na kufunga vidonda. Wanaofanya kazi hiyo, watawa na wale madresa wa Kiafrika, hawana sanamu mjini.

Watu wote, wasomi na wasiosoma, waliamini kitu kimoja: ukoma unaozesha nyama, vidole vinadondoka vyenyewe. Aliyelivunja wazo hilo ni daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946. Siku moja alikuwa anahangaika na kufuli lenye kutu, mtoto mwenye ukoma akamwomba ufunguo, akaufungua mara moja. Brand akatazama mkono wa mtoto: kidole kimekatika hadi mfupa unaonekana, na mtoto hana habari. Akaanza kufuatilia kila kidonda kwa wagonjwa wake. Huyu kashika sufuria la moto. Yule katembea na msumari ndani ya kiatu. Wengine walikuwa wanapoteza vipande vya vidole usiku bila maelezo, hadi ilipogundulika kuwa panya wanawang'ata wakiwa wamelala. Wakagawiwa paka.

Nyama yao haikuwa mbovu. Ukiilinda isiumizwe, ilipona kama ya mtu mwingine. Kilichokosekana ni maumivu. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, na mguu usiouma unaendelea kukanyagia kidonda siku nzima. Tiba ikawa kupunguza uzito juu ya kidonda: kufunga mguu kwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, ili uzito usambae, kisha ndara za mpira laini. Vidonda vya miaka vikaanza kufunga ndani ya wiki kadhaa.

Dawa mseto za ukoma zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1982, na mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Wengi tukaona sura imefungwa.

DONDA LIMEBADILI ANWANI

Haijafungwa. Hapa Bombambili nina jirani, mzee mstaafu, nampigia shikamoo kila asubuhi. Mwaka jana nilianza kuona hatoki barazani. Mkewe akanidokeza kwamba babu ana kidonda unyayoni, mwaka wa pili huo, na ameshaambiwa na mtaalamu wa jadi kwamba katupiwa kitu njiani.

Nikaenda kumwona. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamuuliza mguu vipi. Akacheka. "Hauumi kabisa. Ungekuwa mbaya si ungeuma? Nalima nao." Akanionyesha. Tundu la ukubwa wa sarafu chini ya kidole gumba, kingo zake ngumu kama kwato, juu yake kamwaga unga wa kidonge cha rangi mbili. Nikamuuliza kama amewahi kupima sukari. "Sukari ni ya matajiri, mimi naila kwenye chai tu."

Mnaona? Ni mtoto wa Vellore na ufunguo wake, isipokuwa safari hii ganzi imeletwa na kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, inabana mishipa ya damu, na inawalegeza walinzi. Barabara mbovu, walinzi wachovu, na mwenye nyumba hasikii ukuta ukianguka. Mbinu za Brand, ambaye mwaka 1966 alihamia Carville, Marekani, zilichukuliwa moja kwa moja na madaktari wa kisukari.

Na Tanzania haiko nyuma katika elimu hii. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, wakaanzisha mpango wa kufundisha wahudumu wa afya na wagonjwa wenyewe, hatua kwa hatua. Mwaka 2005 walichapisha taarifa ya wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usingizini bila kuhisi. Panya wale wale wa India, kwenye vyumba vyetu vya Dar. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Huo si ugonjwa wa matajiri.

Babu alipimwa, sukari ikakutwa juu sana. Wakamkata zile kwato za kingoni, wakaondoa nyama iliyokufa, wakampa dawa za sukari, na wakamkataza kukanyagia mguu ule. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana ilikuwa msimu wa kupalilia. Wanawe walikubaliana kulima zamu yake. Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Hakuna dawa ya ajabu iliyotumika. Nguvu iliyotumika ilikuwa nauli ya bodaboda kwenda kuosha kidonda, siku moja baada ya nyingine, na jembe lililoshikwa na mtu mwingine.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Si kila kidonda sugu ni sukari. Kidonda cha upande wa ndani juu ya kifundo cha mguu, kwa mtu anayesimama sana au mwenye mishipa iliyotutumka, mara nyingi ni damu inayoshindwa kurudi juu. Huyo anahitaji kuinua mguu na bandeji ya kubana, ila apimwe kwanza, maana ukimbana mtu ambaye damu haishuki vizuri utamkatisha mguu. Wenye selimundu nao hupata vidonda vya miguu. Mgonjwa anayelala muda wote anapata vidonda vya kiuno na visigino, na dawa yake ya kwanza ni kugeuzwa kila baada ya saa chache. Na kidonda kilichokaa miaka mingi kinaweza kugeuka saratani, jambo ambalo mahospitali ya Afrika Mashariki yameliona sana kwenye madonda ndugu ya tangu utotoni. Kikianza kuota nyama kama koliflawa au kutoka damu hovyo, kikatwe kipande kikapimwe.

Nyumbani, osha kwa maji yaliyochemka yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu lita. Spiriti, maji ya betri, kinyesi cha ng'ombe na unga wa vidonge viache. Vingine vinaua mafundi pamoja na vijidudu, vingine vinaleta vijidudu vipya. Kidonda kisiachwe wazi kikauke hadi kipasuke: mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinapata ngozi mpya haraka kuliko kilichoanikwa. Asali ina historia tangu Misri ya kale na hospitali zinaitumia hadi leo, lakini ni asali safi iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, na siyo ya chupa ya barabarani iliyochanganywa na sukari guru. Hakikisha una chanjo ya pepopunda. Sigara weka chini, inabana mishipa.

Na ule. Hapa naongea na mkoa wangu. Ruvuma ni ghala la mahindi la taifa, lakini utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 44 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani hapa wamedumaa. Tuna ugali wa kuuza hadi nje ya nchi, tunakosa maharage, dagaa, mayai na matunda kwenye sahani. Kidonda kinachotoa majimaji kila siku kinatoa protini kila siku. Ugali mtupu haufungi kidonda, haukufunga cha manamba na hautafunga cha leo.

Wiki mbili bila kupungua, nenda kapime. Kama una kisukari, usisubiri hata siku mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa ugonjwa huu hata asiyeficha anaumbuka kama anaishia kuuliza "nipake nini?" Swali la kwanza ni "kwa nini hakifungi?"

Nina ombi moja. Jumapili hii mkiwa nyumbani kwa wazazi, msiishie kwenye shikamoo. Mwombe baba avue viatu. Angalia nyayo, angalia katikati ya vidole, mguse kidogo kwa ncha ya kidole huku amefumba macho umuulize kama anasikia. Atakushangaa, atasema watoto wa siku hizi mna mambo. Mwache aseme. Manamba walikuwa na sababu ya kukosa mtu wa kuwaangalia miguu, walikuwa mbali na kwao. Wazee wetu wako nasi barazani.

Nawasilisha.